Piano Mwisho wa Reli: Nani Amfundishe Anayeanza?

Mkazi wa Mwanga, Gungu au Ujiji akitamka kwamba anataka kujifunza piano ya klasiki, huulizwa kwanza: umepata mwalimu? Ni swali la watu wa miji yenye walimu, na kwa Kigoma linaulizwa mapema mno. Kabla ya mwalimu kuna kinanda chenyewe, kabla ya kinanda kuna saa za kukikalia, na nyuma ya hayo yote kuna utajiri ambao mkoa huu unao na haujauhesabu: watu wengi wanaoweza kusoma muziki. Hawasomi mistari mitano, wanasoma solfa. Mwalimu wa kwaya anayeandika wimbo ubaoni kwa herufi, akaugawa sauti nne, kisha akamrudisha besi aliyepotea kwa kumwimbia sauti yake bila msaada wa kinanda, ana sehemu kubwa ya elimu ambayo mwanafunzi wa piano kwingineko huilipia kwa miaka.

Kwa hiyo suala la kusoma kwa mwalimu au bila mwalimu ni vizuri livunjwe vipande. Piano inataka sikio, macho na mkono. Sikio Kigoma lipo. Macho yanaweza kufundishwa na kitabu. Mkono ndio wenye kazi, na hapo ndipo hoja ya mwalimu inapata uzito.

Kwanza, kwa nini piano yenyewe ni mgeni kwetu? Ujiji ilipata wamisionari mapema kuliko sehemu nyingi za bara. Watu wa London Missionary Society walifika 1878, na Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe, wakafuata Januari 1879. Reli ya Kati ilifika Kigoma 1914, na kuanzia hapo hakukuwa na mzigo usioletwa. Meli ya Goetzen, ambayo leo ni Liemba, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye makasha, ikaunganishwa upya hapa na kushushwa ziwani 1915. Mji uliopokea meli ndani ya makasha ungeshindwa na piano? Usafiri haukuwa kikwazo pekee.

Kwa Wakatoliki kikwazo kingine kilitoka Roma. Tarehe 22 Novemba 1903, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, Papa Pio wa Kumi alitoa hati kuhusu muziki wa kanisa. Ndani yake alikataza piano kutumika kanisani, na katika kifungu hicho hicho akakataza vyombo vya kelele kama ngoma na matoazi. Ngoma ya Muha na piano ya Mzungu zikawa kwenye orodha moja ya marufuku. Kilichobaki ni kinanda cha kanisa, na kwa misheni za ndani hicho kilikuwa kile cha upepo, kinachokanyagwa kwa miguu. Ni chepesi kuliko piano, hakina nyuzi za kulegea, na sauti yake haififii maadamu kidole kiko chini, jambo linaloisaidia kwaya kushika ufunguo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya 1963, uliufungulia mlango muziki wa wenyeji. Ngoma ikaingia, na leo Misa ya Jumapili Kigoma bila ngoma ingeshangaza. Piano haikuingia nayo, kwa sababu baadaye kinanda cha umeme kilikuja kushika nafasi ile kabla haijapata mtu wa kuidai.

Upande wa Waprotestanti hadithi ni nyingine. Silaha yao ilikuwa solfa. Mfumo huu ulibuniwa na mwalimu wa kike wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, kisha ukatengenezwa na kuenezwa kuanzia miaka ya 1840 na John Curwen, mchungaji wa kanisa la Congregational. Curwen aliwalenga watu wasio na fedha za vinanda wala za vitabu vya gharama. Herufi saba na alama chache za uandishi zinatosha: unaweza kupiga wimbo mzima kwa taipureta, au kwa chaki kwenye ubao wa darasa. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini alipotunga 1897 wimbo ambao muziki wake tunausimamia leo tukiimba Mungu Ibariki Afrika, aliuandika kwa solfa. Wakatoliki nao waliuchukua mfumo huo, na sasa ni mali ya wote.

Tuone basi sikio hilo linamfikisha wapi anayeanza. Kipande ambacho karibu kila mwanafunzi wa piano duniani hukipitia ni ile dansi fupi ya minueti katika ufunguo wa G iliyomo kwenye daftari ambalo Johann Sebastian Bach alimpa mke wake Anna Magdalena mwaka 1725. Kwa muda mrefu ilidhaniwa ni ya Bach mwenyewe. Mtunzi wake ni Christian Petzold, mpiga kinanda wa Dresden. Mkono wa kulia unaanzia kwenye so, unashuka hadi do, kisha unapanda hatua kwa hatua kurudi pale ulipoanzia, katika mapigo matatu matatu. Mpe mwanakwaya yeyote wa sauti ya kwanza herufi hizo na ataziimba bila jasho kabla hajagusa funguo. Atajua pia, kwa sikio tu, pale wimbo unapotoka nyumbani na pale unaporudi. Mwanafunzi asiyepitia kwaya huanza na ufunguo mmoja mmoja, akitafuta kwa kidole kitu ambacho kichwani hakimo. Tofauti ya watu hawa wawili ni kubwa, na haihusiani na mwalimu wa piano.

Kuna zaidi. Wimbo wa sauti nne ni zoezi kamili la piano. Sauti ya kwanza na ya pili zinakaa mkono wa kulia, ya tatu na ya nne mkono wa kushoto. Bach, ambaye tangu 1723 hadi alipofariki 1750 alikuwa Leipzig akitunga, akifundisha na kuongoza wanakwaya wa Mtakatifu Thoma (kwa maneno ya hapa, mwalimu wa kwaya), aliacha nyimbo za kanisa za sauti nne zaidi ya 300 ambazo hadi leo wanafunzi wa vyuo vya muziki huchambua. Anayetoka kwenye Tenzi za Rohoni au Nyimbo za Kristo akazipiga sauti zote nne, bila kuruka ya tatu kama wengi wafanyavyo, yuko kwenye njia ile ile. Simdharau mpiga kinanda anayeshika chodi tatu na kuiokoa ibada nzima. Nasema tu kwamba mwenye nia ya piano ya klasiki asiishie hapo.

Kizingiti cha macho kipo pale solfa inapoachana na mistari mitano. Katika solfa do inahama: wimbo ukiwa wa G, do ni G, ukiwa wa F, do ni F. Mwimbaji hajali, kwa kuwa uhusiano wa sauti haubadiliki. Mistari mitano haihami, na funguo za piano nazo hazihami. Mpigaji lazima ajue kwamba katika ufunguo wa G, ti inaangukia kwenye ufunguo mweusi, na katika F mweusi unakuwa wa fa. Kuna funguo kumi na mbili za namna hiyo za kuzoea, na hakuna njia ya mkato.

Kinanda cha umeme kimeleta njia ya mkato, na ndiyo inayowaharibu wengi. Ni kile kitufe cha kuhamisha ufunguo. Mpigaji anajifunza kila kitu katika C, yaani funguo nyeupe tupu. Mchungaji akianzisha wimbo juu kidogo, anabonyeza kitufe mara mbili na kuendelea na vidole vile vile. Kwa ibada ni msaada mkubwa. Kwa anayetaka kusoma Bach au Mozart ni ugonjwa, maana vidole vinazoea sura moja ya mkono, na jicho linaona D kwenye karatasi huku sikio likipokea E. Anayeanza afunike kitufe hicho kwa plasta na asikiguse mwaka mzima.

Kusoma mistari kwenyewe hakuhitaji mwalimu wa kulipwa. Kitabu cha Ferdinand Beyer, opus 101, kilichotolewa karne ya 19, kinaanza na noti tano chini ya vidole vitano na kupanda taratibu mno. Baada yake kuna daftari la Anna Magdalena, kisha sonatina za Muzio Clementi, opus 36, za mwaka 1797. Vitabu vyote hivi havina tena haki za kulipia, na maktaba ya mtandaoni ya IMSLP, iliyofunguliwa 2006, inavitoa bure; ukishapakua kurasa zako na kuzichapa kwenye duka la stesheneri, kifurushi kikiisha hakikuhusu. Tovuti ya Swahili Music Notes nayo imejaa nyimbo za kwaya za Kiswahili zilizoandikwa na watunzi wetu, na kwa mwenye solfa tayari hizo ni daraja zuri: anachukua wimbo anaoujua kwa moyo, anauangalia kwenye mistari, na jicho linapata cha kushikamana nacho.

Video za simuni ni jambo jingine. Zile zenye vijiti vya rangi vinavyodondoka juu ya funguo humfundisha mtu kukumbuka mahali pa kubonyeza, kwa wimbo mmoja, hadi wiki ijayo atakapousahau. Hazimfundishi kusoma. Masomo ya kinanda kwa Kiswahili nayo mengi yanalenga kusindikiza nyimbo za injili, na kwa lengo hilo yanafaa. Programu za kulipia zinazosikiliza unavyopiga zina faida moja ya kweli: hukuambia umekosea noti au umekimbiza mapigo. Lakini hazikuoni.

Hapo tunafika kwenye mkono. Chukua skeli nyepesi kuliko zote, ile ya C, mkono wa kulia. Gumba, shahada, kidole cha kati. Kisha gumba linapita chini ya kidole cha kati kwenda kushika fa, na vidole vinaendelea hadi kile kidogo kwenye do ya juu. Ni tendo la nusu sekunde. Anayeanza peke yake, karibu bila shaka, atanyanyua kiwiko pembeni kama anayempisha mtu, kifundo cha mkono kitazama, na gumba litaiangukia fa kwa kishindo. Noti ni sahihi, na programu ya simu itampa alama ya kijani. Kwenye kinanda chepesi cha plastiki hata kishindo hakisikiki vizuri. Akirudia hivyo kwa miezi, tabia inaingia kwenye misuli. Siku atakapokaa mbele ya piano yenye funguo nzito, skeli yake itakuwa na nundu kila gumba linapopita, na akiongeza kasi mkono wa mbele utaanza kuuma. Maumivu hayo ni dalili ya kusimama, wala hayavumiliwi kama ya mazoezi ya mpira.

Ujiji inalijua jambo hili kwa njia nyingine. Mtoto wa madrasa anaweza kuwa na msahafu, na siku hizi ana rekodi za wasomaji wakubwa kwenye simu, lakini hakuna anayesema amejua tajwidi mpaka amekaa mbele ya ustadhi akasoma na kusahihishwa herufi kwa herufi, kwa sababu msomaji mwenyewe haisikii kasoro ya herufi aliyoizoea. Mkono kwenye piano uko hivyo hivyo. Mfaransa François Couperin, katika kitabu chake cha 1716 cha kufundisha kinanda, alieleza kwamba watoto anaowaanzisha huwanyang'anya ufunguo wa kinanda anapoondoka, wasije wakaharibu kwa dakika moja alichowafundisha kwa robo tatu ya saa. Ni ukali ambao leo tungeucheka, ila sababu yake haijazeeka.

Utafiti wa karibu zaidi unaelekea huko huko. Mwaka 1993 K. Anders Ericsson na wenzake wawili walichapisha uchunguzi wao juu ya wapiga vayolini na piano wa Berlin, ule ambao baadaye uligeuzwa kuwa kauli ya mitaani ya saa elfu kumi. Watu walishika idadi ya saa wakaacha kiini: mazoezi waliyoyazungumzia ni yale yaliyopangwa kurekebisha udhaifu maalumu, kwa kawaida na mwalimu, mwanafunzi akipata majibu ya haraka juu ya makosa yake. Kukaa tu mbele ya kinanda saa nyingi hakumo kwenye maelezo hayo.

Je, mtu wa kuangalia mkono atapatikana wapi Kigoma? Mwalimu wa piano mwenye kibao mlangoni usimtegemee. Tafuta waliopita mahali panapofundishwa. Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, kimekuwa kikiandaa walimu wa muziki. TaSUBa ya Bagamoyo, iliyoanza 1981 kama Chuo cha Sanaa, hutoa wanamuziki kila mwaka. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, kule Usa River, kina shahada ya muziki. Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy. Wahitimu wa vyuo hivi hupangiwa kazi, huhama, huolewa, na wengine hufika Kasulu, Kibondo na Kigoma mjini wakifundisha somo jingine kabisa, kwa kuwa shule zinazofundisha Muziki, ingawa Baraza la Mitihani lina mtihani wake wa kidato cha nne, ni chache. Ongeza watawa na mapadre waliosoma kinanda seminarini au ng'ambo, na Wakongo na Warundi waliokuja na elimu ya muziki kutoka kwao. Uliza kwenye mazoezi ya kwaya kubwa. Mwalimu wa kwaya humjua kila mtu mwenye noti mkoani.

Ukimpata, usimwombe akufundishe nyimbo. Mwombe akuangalie ukikaa, ukipiga skeli na kipande kimoja kifupi. Kukaa kwenyewe ni somo. Stendi nyingi za vinanda vya kanisani zimefungwa kwa urefu wa mtu aliyesimama, na kiti cha plastiki kinamweka mpigaji chini mno, viwiko vikining'inia chini ya funguo. Mkono wa mbele unatakiwa ulale sawasawa na funguo. Shusha stendi, au weka mto kitini.

Na kama fedha inatosha masomo machache tu, yatumie mwanzoni. Wengi hufanya kinyume: wanajifunza peke yao mwaka mzima ili wasimpotezee mwalimu muda, halafu wanamfuata wakiwa tayari wameota kasoro, na mwalimu anaanza kwa kubomoa. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo yenye thamani. Baada ya hapo mwanafunzi mwenye sikio la kwaya anaweza kwenda mwenyewe kwa muda mrefu, akikaguliwa mara moja moja. Ukaguzi huo unaweza kufanywa kwa simu: video ya dakika moja iliyopigwa kutoka ubavuni, kamera ikiwa usawa wa funguo na kiwiko kikionekana, humwambia mwalimu aliye Arusha au Kampala mengi kuliko mazungumzo ya saa nzima.

Mitihani nayo imesogea karibu. Bodi ya Uingereza ya ABRSM, iliyoanzishwa 1889 na ambayo mitihani yake imezoeleka Nairobi na Kampala, tangu 2020 ina daraja za utumbuizaji ambazo mtahiniwa hurekodi vipande vinne mfululizo na kutuma video. Sishauri mtu aanze kwa kuukimbilia mtihani, na ada yake si ndogo. Lakini kwa kijana anayetaka kuomba chuo, karatasi ile ni lugha ambayo chuo chochote kitaielewa.

Kuhusu kinanda, maneno mengi hupotea bure. Piano ya nyuzi usiinunue. Ina nyuzi zaidi ya 200 zilizovutwa kwa nguvu ya tani nyingi juu ya ubao unaovimba masika na kusinyaa kiangazi, na fundi wake utamsafirisha kutoka mbali. Piano ya dijitali yenye funguo 88 zenye uzito ndiyo inayofaa, kwa mwenye uwezo. Wasio na uwezo, ambao ndio wengi, watakuta kinanda cha funguo 61, na hapa nina habari njema kwao: piano aliyokuwa akiitumia Mozart ilikuwa na oktava tano, yaani funguo 61, ingawa zilianzia chini kidogo kuliko za vinanda vyetu. Vipande vya kuanzia vya daftari la Anna Magdalena vinaenea humo. Beyer kwa sehemu kubwa anaenea. Shida ya kinanda hicho ni wepesi wa funguo. Ufunguo wa piano unahitaji uzito wa gramu 50 hivi ndipo ushuke, na nyuma yake kuna nyundo inayorushwa. Ufunguo wa plastiki una springi tu. Hakikisha angalau unatofautisha mguso wa nguvu na wa taratibu, na ununue pedali ya mguu. Vingi vya vinanda hivi vinakubali betri ndogo sita, jambo ambalo mtu wa Kigoma, aliyeishi miaka kwa majenereta ya dizeli nje ya gridi ya taifa, hahitaji kuelezwa.

Wapo watakaouliza: mbona wapo waliofika bila mwalimu kabisa? Wapo. Bach mwenyewe, yatima aliyelelewa na kaka yake Ohrdruf, inasimuliwa kwamba alikuwa akikichomoa usiku kitabu cha muziki alichonyimwa na kukinakili kwa mwanga wa mbalamwezi kwa miezi sita. Lakini kaka huyo huyo ndiye aliyemfundisha kinanda. Alichojinyakulia usiku ni utunzi. Mfano wa karibu nasi uko upande wa pili wa Kongo, Kinshasa. Armand Diangienda, aliyekuwa rubani, mjukuu wa Simon Kimbangu, alianzisha 1994 okestra ya Orchestre Symphonique Kimbanguiste pamoja na waumini wenzake ambao wengi hawakuwahi kushika chombo cha klasiki. Vayolini zilikuwa chache kuliko wapigaji, wakapokezana. Uzi ukikatika walitumia waya wa breki ya baiskeli. Leo wanapiga Beethoven. Wanaowataja kama ushahidi kwamba mwalimu si lazima wanasahau kitu kimoja: watu wale hawakujifunza kila mtu chumbani kwake. Walikutana, wakasikilizana, aliyejua jambo jana akamfundisha mwenzake leo. Walimu walikuwepo, ila hawakuwa na cheo.

Kigoma ina watu wa namna hiyo tele. Mkoa ambao wasanii wake walitoa wimbo wa Leka Dutigite mwaka 2012 haukosi vipaji, na kwaya zake hazikosi nidhamu ya mazoezi. Kinachokosekana, nikipima yote, ni saa za kinanda. Mwanafunzi wa mwanzo anahitaji nusu saa kila siku. Nusu saa siku sita inazaa kuliko saa tatu za Jumamosi. Vinanda vipo makanisani, lakini vingi hufungiwa kabatini tangu Jumapili jioni mpaka mazoezi ya kwaya, kwa hofu ya kuharibiwa au kuibiwa. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo kinanda hakichakai kwa kupigwa Beyer. Huchakaa kwa vumbi, kwa umeme unaopanda na kushuka, na kwa chai inayomwagika.

Kwa hiyo haya ni maombi kwa mabaraza ya walei, wazee wa kanisa na viongozi wa kwaya kuanzia Kibirizi hadi Kasulu. Wekeni daftari la zamu. Mteueni mtu mmoja mwenye ufunguo wa kabati, nunueni kifaa cha kulinda umeme na spika za masikioni ili ofisi ya parokia isisumbuke, mkawaruhusu vijana watatu au wanne kukalia kinanda siku za wiki, kila mmoja nusu saa, chini ya jicho la mwalimu wa kwaya. Mwalimu wa piano akipita siku moja, atakuta watu wa kufundisha.